Mali Bila Daftari: Jinsi Disketi Inavyojua Kila Kitu Kiko Wapi

Ukiichunguza disketi ya inchi 3.5, ile ya plastiki ngumu yenye kibati cha kuteleza, mara nyingi utakuta imeandikwa namba mbili zisizopatana. Mahali pamoja 2.0 MB, mahali pengine 1.44 MB. Ukiitia kwenye kompyuta yenye DOS, mfumo endeshi wa zamani wa PC, utaambiwa jambo la tatu: nafasi iliyo wazi ni baiti 1,457,664. Namba tatu za kitu kimoja, na zote ni za kweli.

Kati ya namba ya kwanza na ya mwisho kuna pengo la zaidi ya nusu milioni ya baiti. Baiti hizo hazikupotea, wala mtengenezaji hakudanganya. Disketi inazitumia kujitambua: hapa ni wapi, kipande hiki kinaanzia wapi, kile kinaishia wapi, faili la barua limelala kwenye vipande vipi. Kuacha alama ya sumaku kwenye plastiki si kazi kubwa. Kazi ni kuirudia alama hiyo kesho, kwa mashine nyingine, na kuikuta palepale. Basi tuzifuate hizo baiti tuone zinakokwenda, maana ukizielewa umeielewa disketi nzima.

Tutumie disketi hii ya 1.44 MB kama mfano, kwa kuwa ndiyo wengi wanaikumbuka. Ilienea baada ya IBM kuitia kwenye kompyuta zake za PS/2 mwaka 1987. Kabla yake zilikuwapo disketi za inchi 8 zilizoletwa na IBM mwaka 1971, za inchi 5.25 zilizoanzia kwa Shugart Associates mwaka 1976, na umbo lenyewe la inchi 3.5 lilitoka Sony mwaka 1981. Ukubwa ulibadilika, lakini mpangilio wa ndani ulibaki wa ukoo mmoja.

Njia, pande na sekta

Ndani ya kasha kuna kisahani chembamba cha plastiki kinachopindika, kimepakwa pande zote mbili utando wenye chembe za sumaku. Kinazunguka mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde. Vichwa viwili, kimoja juu na kimoja chini, vinakibana katikati na kukigusa hasa. Ndiyo maana vumbi na ukungu ni adui mkubwa wa disketi: hakuna hewa inayotenganisha kichwa na utando.

Vichwa hivyo havichori mstari mmoja mrefu unaojikunja kuelekea katikati kama ilivyo kwenye sahani ya santuri. Vinachora miduara iliyofungwa, mmoja ndani ya mwingine. Kila mduara tuuite njia. Kila upande una njia 80, kuanzia njia ya 0 iliyo ukingoni hadi ya 79 iliyo karibu na kitovu. Kutoka njia moja hadi nyingine ni chini ya sehemu moja ya tano ya milimita. Njia mbili zenye namba moja, ya juu na ya chini, huitwa kwa pamoja silinda, kwa sababu vichwa vimefungwa kwenye mkono mmoja na vinakwenda pamoja.

Kila njia hukatwa vipande 18 viitwavyo sekta, na kila sekta hubeba baiti 512. Piga hesabu: njia 80, mara pande 2, mara sekta 18, mara baiti 512. Unapata 1,474,560. Hiyo ndiyo 1.44 MB inayotajwa, ingawa jina lenyewe lina kasoro. Gawanya 1,474,560 kwa 1,024 upate kilobaiti 1,440, halafu gawanya hiyo 1,440 kwa 1,000. Yaani hatua moja imehesabiwa kwa mtindo wa kompyuta na nyingine kwa mtindo wa kawaida. Kwa kipimo cha milioni ni megabaiti 1.47, kwa kipimo cha 1,024 mara 1,024 ni 1.41. Namba ya 1.44 haimo katika kipimo chochote kimoja, lakini ilizoeleka ikabaki.

Hesabu hiyohiyo inakufungulia disketi nyingine. Ile ya inchi 5.25 yenye kilobaiti 360 ina njia 40, pande 2 na sekta 9. Ile ya inchi 3.5 yenye kilobaiti 720 ina njia 80 na sekta 9. Za kompyuta ya Amiga zilibanwa hadi sekta 11 kwa njia kwenye kisahani kilekile cha 720, zikafikia kilobaiti 880. Zilifikaje huko tutaona baadaye, kwa sababu jibu limo kwenye mapengo.

Kichwa husikia mgeuko tu

Kabla ya kufika kwenye mapengo ni lazima tushuke chini kabisa, mahali ambapo wengi huelezwa vibaya. Huwa tunaambiwa kwamba sumaku ikielekea kaskazini ni 1 na ikielekea kusini ni 0. Sivyo. Kichwa cha kusomea hakioni sumaku inaelekea wapi. Kinachohisi ni badiliko: pale mwelekeo unapogeuka, koili yake hutoa pigo dogo la umeme. Sehemu ndefu yenye mwelekeo mmoja ni ukimya mtupu, uwe wa kaskazini au wa kusini.

Kwa hiyo kilichoandikwa kwenye disketi ni migeuko na umbali kati yake. Hapo linazuka tatizo. Tuseme 1 iandikwe kwa mgeuko na 0 kwa kutogeuka. Zikija sifuri 40 mfululizo, kichwa kitakaa kimya muda wote huo. Zilikuwa 40 au 41? Mota haizunguki kwa mwendo sawasawa kabisa, na kiendeshi (mashine inayozungusha na kusoma disketi) kilichoandika huenda si hiki kinachosoma. Ukimya mrefu hauhesabiki.

Suluhisho la kwanza lilikuwa kuweka pigo la saa kabla ya kila biti, yaani kila 1 au 0. Njia hiyo, iitwayo FM, ni salama lakini ina ubadhirifu: nusu ya nafasi inaliwa na saa. Iliyokuja baadaye, MFM, iligundua kwamba saa haihitajiki kila mahali. Panapokuwa na 1, mgeuko wake wenyewe unatosha kuonyesha wakati. Basi MFM huweka pigo la saa kati ya sifuri mbili zinazofuatana tu. Kwa kanuni hiyo moja uwezo wa disketi uliongezeka maradufu bila kubadilisha kisahani wala kiendeshi. Katika fani hii yote, hiyo ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote.

Matokeo yake ni mazuri kuyatazama. Kwenye disketi yetu, umbali kati ya mgeuko mmoja na unaofuata unaweza kuwa wa aina tatu tu: maikrosekunde 2, 3 au 4. Barua zote, picha zote, michezo yote iliyowahi kuandikwa humo ni mfuatano wa vipimo hivyo vitatu. Kidhibiti cha kiendeshi, yaani saketi inayokiongoza, kazi yake ni kupima muda, na kila mgeuko unaofika kinautumia kurekebisha saa yake kidogo ili iende na mwendo halisi wa mota.

Kwa mwendo huo, mzunguko mmoja wa sehemu moja ya tano ya sekunde hubeba biti 100,000, yaani baiti 12,500 za biti 8 kila moja. Zidisha kwa njia 160 za pande zote mbili: 2,000,000 kamili. Hapo ndipo inapotoka ile 2.0 MB. Ni uwezo wa disketi ambayo haijagawanywa, shamba lisilo na mipaka wala mashimo.

Kinacholiwa na anwani

Lakini sekta 18 za baiti 512 ni baiti 9,216 tu. Kwenye kila njia, baiti 3,284 zimekwenda kwingine. Tuzihesabu.

Mwanzoni mwa njia kuna utangulizi wa baiti 146. Kisha kila sekta ina sehemu mbili zilizotengana, kichwa cha habari na mwili. Kichwa cha habari huanza na baiti 12 za sifuri, zinazompa msomaji mdundo wa kujipanga kabla maneno hayajaanza. Zinafuata baiti 4 za alama, halafu baiti 4 za anwani yenyewe: namba ya silinda, namba ya upande, namba ya sekta, na ukubwa wake. Baiti 2 za uhakiki zinafunga kichwa hicho. Baada ya hapo kuna pengo la baiti 22. Ndipo unakuja mwili: sifuri 12 nyingine, alama ya baiti 4, data zetu 512, na baiti 2 za uhakiki. Mwisho kuna pengo la baiti 108 kabla ya sekta inayofuata. Jumla ni baiti 682 ili kubeba 512. Mara 18, ongeza utangulizi, unafika 12,422. Baiti 78 zinazobaki ni za kuziba duara pale mwisho unapokutana na mwanzo.

Ile alama ya baiti 4 inastahili tusimame kidogo. Kidhibiti kinaposhuka kwenye njia, kinajikuta katikati ya mvua ya migeuko. Kitajuaje biti ipi ndiyo ya kwanza ya baiti? Data inaweza kuwa na mpangilio wowote ule, kwa hiyo alama yoyote ya kawaida ingeweza kujitokeza kwa bahati ndani ya picha ya mtu, ikadhaniwa ni mwanzo wa sekta. Wahandisi walitumia baiti A1, ambayo kwa biti ni 10100001, wakaiandika mara tatu huku pigo moja la saa lililopaswa kuwapo kati ya sifuri zake limeachwa makusudi. Kwa kanuni za MFM hilo ni kosa la tahajia. Data halali haiwezi kamwe kulifanya kosa hilo. Kwa hiyo kidhibiti kikiliona, kinajua bila shaka yoyote kwamba hapa ndipo pa kuanzia kuhesabu.

Mapengo nayo yana kazi. Kichwa cha habari huandikwa mara moja tu, disketi inapofomatiwa, yaani inapogawanywa sekta tayari kwa matumizi. Baada ya hapo, kuandika data ni kusoma vichwa vya habari vinavyopita mpaka kinachotakiwa kifike, kuvuka pengo la baiti 22 wakati mkondo wa kuandikia unawashwa, na kuandika upya mwili peke yake. Ikiwa kiendeshi hiki kinazunguka haraka kidogo kuliko kilichofomati, mwili utachukua nafasi ndefu zaidi kwenye mduara, utapitiliza. Pengo la 108 liko pale kuupokea upitilizaji huo usije ukaifuta anwani ya jirani. Ni kama upenyo unaoachwa kati ya reli na reli ili chuma kikipata joto kisibinuke.

Sasa unaona Amiga ilipata wapi sekta mbili za ziada. Yenyewe iliandika njia nzima kwa mkupuo mmoja badala ya sekta mojamoja. Sekta zote huzaliwa pamoja na kufutwa pamoja, hivyo upenyo kati yake hauhitajiki. Pengo moja linatosha. Gharama yake ni kwamba hata ukibadilisha baiti moja, njia nzima huandikwa upya.

Sehemu nyingine inayopotea bure ni ukingoni. Njia ya 0 ni ndefu kuliko ya 79 kwa zaidi ya nusu, lakini zote hupewa baiti 12,500 zilezile, kwa sababu mwendo wa mota na wa saa haubadiliki. Kipimo kinawekwa na njia ya ndani, iliyo fupi kuliko zote, na njia za nje zinabeba mzigo mwepesi kuliko uwezo wake. Kiendeshi cha Commodore 1541 hakikukubali hasara hiyo: njia za nje zilipewa sekta 21 na za ndani 17. Macintosh ya mwaka 1984 ilibadilisha mwendo wa mota wenyewe, sekta 12 nje na 8 ndani, ikapata kilobaiti 400 kwa upande mmoja. Ndiyo sababu mojawapo disketi hizo za Macintosh zilishindikana kusomwa na viendeshi vya kawaida vya PC. Haikuwa suala la programu. Mota haikuwa na mwendo huo, na kidhibiti cha PC hakikuujua mtindo wake wa kuandika biti.

Kiendeshi chenyewe hakikumbuki kichwa kiko wapi. Kinapoamka, hurudisha mkono nyuma hatua kwa hatua mpaka kihisio kiseme hapa ni njia ya 0. Ule mgurumo mfupi unaosikika kompyuta inapowashwa ndio huo. Toka hapo ni kuhesabu hatua, na anwani iliyomo kwenye kila sekta ndiyo inayothibitisha kama hesabu ni sahihi.

Daftari

Tumebaki na 1,474,560, na bado hakuna faili hata moja. Kuna sekta 2,880 zenye namba, basi. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa methali hiyo ni maelezo ya kiufundi kabisa.

Kwenye disketi za DOS daftari hukaa mwanzoni. Sekta ya kwanza kabisa ni ya kuwashia, yenye programu fupi na maelezo ya disketi: sekta ngapi kwa njia, pande ngapi, daftari lina ukubwa gani. Sekta 9 zinazofuata ni jedwali liitwalo FAT. Sekta 9 nyingine ni nakala ya jedwali hilohilo, tahadhari endapo la kwanza litaharibika. Kisha sekta 14 za saraka kuu, yaani orodha ya majina. Jumla ni sekta 33. Toa 33 kwenye 2,880, zinabaki 2,847, na mara 512 ni 1,457,664. Hesabu imefungwa.

Saraka na jedwali hufanya kazi pamoja. Kila faili lina mstari wa baiti 32 kwenye saraka: jina la herufi 8, kiambishi cha herufi 3, sifa zake, tarehe na saa, ukubwa wake, na namba ya kipande cha kwanza. Kipande hicho huitwa klasta, na kwenye disketi hii klasta moja ni sekta moja. Saraka haisemi kipande cha pili kiko wapi. Hiyo ni kazi ya FAT.

FAT ni safu ndefu ya namba, moja kwa kila klasta. Tuseme saraka inasema barua yako inaanzia klasta ya 5. Unakwenda FAT, mstari wa 5, unakuta 6. Mstari wa 6 unakuta 9. Mstari wa 9 unakuta FFF, maana yake mwisho. Basi barua yako ni klasta ya 5, 6 na 9, kwa utaratibu huo. Ni kama kutafuta nyumba ya mtu ambapo kila jirani anakuelekeza kwa mmoja tu anayefuata. Namba 000 humaanisha klasta ni tupu, na FF7 humaanisha ni mbovu, isitumiwe.

Kila namba ya FAT hii ina biti 12, kwa hiyo namba mbili husukwa ndani ya baiti tatu. Usukaji huo uliletwa na Tim Paterson katika mfumo wa 86-DOS mwaka 1980, na umewasumbua waandishi wengi wa programu tangu hapo. Lakini una sababu. Kwa biti 16, kila nakala ya jedwali ingehitaji sekta 12 badala ya 9. Kwenye kitu chenye sekta 2,880 tu, sita za ziada kwa nakala zote mbili si kidogo.

Ukishaujua mpangilio huu, mambo mengi yaliyokuwa yakishangaza watu yanajieleza. Sekta 14 za saraka zinatosha mistari 224, basi. Ukijaza humo vifaili vidogo 224, disketi itakataa faili jingine hata kama zaidi ya megabaiti moja iko wazi. Tiba ni kufungua saraka ndogo ndani yake, ambayo huhifadhiwa kama faili na haina kikomo hicho. Faili la baiti 10 nalo hukalia baiti 512, kwa kuwa klasta haigawanywi. Na kufuta faili hakufuti data. Herufi ya kwanza ya jina hubadilishwa kuwa alama ya E5, na mistari yake kwenye FAT hurudishwa 000. Maandishi yenyewe hubaki pale mpaka faili lingine liyakalie. Namba ya klasta ya kwanza na ukubwa hubaki kwenye saraka, kwa hiyo faili lililokuwa limelala kwenye klasta zinazofuatana hurudishika kirahisi. Lililovunjika-vunjika ni vigumu, kwa sababu mnyororo ndio uliofutwa.

Udhaifu wa daftari lolote ni kwamba linaaminiwa. Kirusi cha Brain cha mwaka 1986 kilikalia sekta ya kuwashia, kikahamishia ile ya asili kwingine, na kuandika kwenye FAT kwamba maficho yake ni klasta mbovu. DOS iliamini na kuziruka.

Ukiwa na disketi za zamani

Nimeeleza haya yote kwa sababu bado kuna maboksi ya disketi kwenye makabati, yenye tasnifu, hesabu na barua ambazo hazina nakala, na makosa yanayoziua ni yaleyale.

Ukiitia disketi na kompyuta ikakuuliza kama unataka kuifomati, kataa. Swali hilo mara nyingi lina maana kwamba sekta ya kwanza tu haikusomeka, au kwamba mpangilio ni wa mashine ya ukoo mwingine. Kufomati kamili huandika upya kila anwani na kila mwili, na hapo hakuna cha kurudisha. Kabla ya kuitia popote, izuie isiandikwe: kwenye ya inchi 3.5 tundu dogo la kona liwe wazi, na kwenye ya inchi 5.25 ni kinyume, pengo dogo la pembeni lizibwe kwa utepe. Sogeza kibati utazame utando. Ukiona ukungu, usiizungushe, maana itauchafua utando wote pamoja na kichwa cha kiendeshi, nacho kitapeleka uchafu kwenye disketi inayofuata.

Kisha ujue kwamba kidhibiti cha kawaida ni mkali. Zile baiti 2 za uhakiki hugundua kosa lakini haziwezi kulisahihisha, na biti moja ikikosewa sekta nzima hutangazwa mbovu. Vifaa kama Greaseweazle na KryoFlux havipiti kwenye mlango huo. Vinarekodi muda kati ya mgeuko na mgeuko kwa mizunguko kadhaa ya kisahani, bila kutafsiri chochote, na tafsiri hufanywa baadaye kwa programu, kwa utulivu, mara nyingi inavyotakiwa. Hapo disketi ya Amiga, ya Commodore na ya PC zote ni kitu kimoja: orodha ya nyakati.

Ndipo hutokea jambo ambalo kila aliyewahi kuokoa disketi hulingoja. Kidhibiti kimesema sekta ya 7 haipo. Ukitazama nyakati, unaona kichwa chake cha habari kimechubuliwa, zile baiti nne za anwani hazisomeki tena. Lakini kati ya sekta ya 6 na ya 8, baada ya sifuri 12 na alama ya tahajia mbovu, baiti zote 512 zimekaa, na uhakiki wake unakubali.